Lempi Ojala Aachana na Kitufe

Ijumaa, tarehe 9 Januari 2009. Theluji ilianguka usiku kucha, na asubuhi ilikuwa bado inaanguka, laini na kavu, upepo wa ziwani ukiirundika upande mmoja wa kila kitu: miti, nguzo, ukuta wa ghala langu. Baridi ilikuwa ya kukausha pua. Kulipopambazuka nilimwona Lempi Ojala akivuka barabara kuja kwangu, aproni ikining'inia chini ya koti la mumewe.

"Ile jeki yako ya kushushia giaboksi bado unayo?" aliuliza kabla sijamkaribisha ndani.

"Ninayo. Kuna nini?"

"Clyde yuko njiani. Leo tunaing'oa ile takataka."

Takataka yenyewe ilikuwa transfa ya pikapu yao ya kijani, lile bonge la chuma linalokaa nyuma ya giaboksi na kugawa nguvu ya injini hadi magurudumu ya mbele. Katika magari mengi ya zamani dereva huingiza magurudumu ya mbele kwa mkono, kwa wenzo unaochomoza sakafuni. Pikapu ya akina Ojala haikuwa na wenzo. Ilikuwa na kitufe kwenye dashibodi. Unabonyeza, na mota ndogo chini ya gari inazungusha gia kwa umeme. Lakini kwetu huku kwenye rasi ya Keweenaw barabara humwagiwa chumvi tangu Novemba, na chumvi hiyo huingia katika kila plagi na kila waya. Mota ilishabadilishwa mara mbili. Kisanduku cha umeme kinachoiamuru kilibadilishwa pia. Bado ilifanya kazi siku inayotaka yenyewe.

Mumewe, Urho, hakukipenda kitufe tangu siku aliponunua gari. Alikuwa mkata magogo, mtu wa minyororo na vyuma. "Nataka kusikia mkononi kwamba imeingia," alikuwa akisema. Hiyo ni enzi alipokuwa na maneno. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia na kumwachia maneno mawili tu: "joo," ambalo kwa Kifini ni ndiyo, na tusi moja ambalo mchungaji wetu akilisikia hujikohoza na kutazama paa.

Figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka hata kabla ya kiharusi. Sasa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ilikuwa lazima afike hospitali ya mjini kusafishwa damu kwa mashine, na aliyempeleka ni Lempi. Kati ya nyumba yao na mji kuna kilima cha Ahola, na greda la kusukuma theluji hufika kwetu mwisho, baada ya kumaliza barabara kuu.

Lempi alikuwa na miaka sitini na miwili. Alipika katika shule yetu tangu msichana hadi alipostaafu, na hadi leo mwanamume mwenye ndevu akikutana naye dukani hujikagua kana kwamba amebakiza karoti kwenye sahani. Hakuwa mtu wa kulia wala wa kuomba. Mara mbili nilimpeleka Urho mjini kwa gari langu, na mara zote mbili kesho yake nilikuta mkate wa nisu mlangoni, bado moto, ukinukia iliki. Nilipojitolea mara ya tatu alisema, "Hapana. Unga utaniishia."

Jumanne ya wiki ile walikwama kilimani. Alibonyeza kitufe, taa ikapepesa, na chini ya gari hapakusikika chochote. Magurudumu ya nyuma yalizunguka yakachimba mashimo hadi kwenye barafu. Gari la wagonjwa lilimfikisha Urho hospitali jioni, miguu imevimba, pumzi fupi. Jumatano mtoto wao wa pekee, Darrell, alifika kutoka Green Bay. Alhamisi yeye ndiye aliyempeleka baba yake. Jioni hiyo, mezani, alisema lililomleta. Lempi alinisimulia akiwa amesimama pale jikoni kwangu, mikono mfukoni.

"Amepata kitanda kwenye makao ya wazee. Yako ng'ambo tu ya hospitali. Wanamwekea mpaka kesho saa sita mchana."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilimwuliza nani atampashia Urho kahawa. Akasema, 'Mama, kahawa iko kule.' Nikamwambia nimeshaionja. Nilipokuwa shuleni maji ya kuoshea sufuria yalikuwa mazito kuliko ile."

"Darrell hana nia mbaya, Lempi."

"Ningemjua ana nia mbaya ningemfukuza. Shida ni kwamba ana haki." Akavuta kofia masikioni. "Nimemwambia nikimfikisha baba yake kesho kwa gari langu, bila kuvutwa na mtu, mazungumzo ya kitanda yaishe. Amekubali. Anadhani siwezi. Basi lete hiyo jeki."

Clyde Trevarrow alikuwa fundi wa mabasi ya shule miaka ileile Lempi alipokuwa jikoni, na walizoeana kwa kutaniana. Alikuja na transfa ya mkono aliyoifungua kwenye pikapu ya aina hiyohiyo iliyoangukiwa na mti. Alikuwa ameilaza nyuma ya gari lake juu ya godoro kuukuu, imefunikwa blanketi.

"Umemfunika kama mtoto," Lempi alisema.

"Ni mkubwa kuliko wewe, mheshimu. Umetupikia nini?"

"Pasti." Ni kama sambusa kubwa za kuoka, zenye nyama na viazi.

"Zenye karoti?"

"Zenye karoti."

"Mababu zangu walivuka bahari na pasti yenye turnipi, mkaja ninyi Wafini mkaiharibu."

"Mababu zako walivuka na njaa. Ingia kazini."

Ghala la Ojala lina jiko la kuni, lakini siku ile lilipasha joto upande mmoja tu wa mtu. Nilishika taa na kupokea boliti. Darrell alivaa ovaroli la baba yake na kujilaza chini ya gari. Alikuwa mtu wa ofisini sasa, lakini alikulia humo ghalani na hakusahau spana ipi ni ipi. Walifungua propela ya nyuma, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, kisha ya mbele. Clyde alikata nyaya za kitufe kwa plaisi, akamwonyesha Lempi.

"Unataka kuagana nazo?"

"Tupa."

Kuishusha transfa ya zamani hakukuwa kazi kubwa. Shida ilikuwa ile nyingine. Gundi ya kuzibia maungio yake isingekauka katika baridi ile, na chuma kilikuwa baridi kiasi kwamba kilinata kwenye glavu. Clyde akasema tungoje siku mbili, tulete hita. Lempi alimtazama kana kwamba amekataa chakula.

"Hatuna siku mbili. Nitawasha sauna."

"Leo Ijumaa," Clyde alisema. Hata yeye, asiye Mfini, alijua sauna ya watu hao, bafu lao la mvuke, huwashwa Jumamosi.

"Urho ataelewa."

Akawasha. Tuliipaka gundi ile transfa ya Clyde, tukaibeba hadi kwenye kibanda cha sauna na kuiweka benchi la juu, pahali pa Urho, Lempi akaitandikia taulo ili mafuta yasichafue mbao. Urho aliletwa kwa kiti chake hadi mlangoni ashuhudie. Alilitazama lile bonge la chuma likitoa mvuke pale juu, mabega yakaanza kumtikisika. Sijui kama naweza kuita kicheko, maana upande mmoja wa uso haukushiriki, lakini Lempi aliinama akamfuta jicho kwa ncha ya aproni, naye akasema, "Joo."

"Tangu lini Mfini akampisha mtu benchi la juu?" Clyde alisema. "Hii nitasimulia mpaka kaburini."

Tulikula pasti tukisubiri. Clyde alikula mbili, pamoja na karoti zake.

Ilipopoa kiasi cha kushikika tuliirudisha ghalani, jeki ikaipandisha, ikaingia mahali pake bila ubishi, na propela zote mbili zikafika bila kukatwa wala kuongezwa. Darrell alitoboa sakafu ya gari kwa msumeno wa chuma, mahali Clyde alipochora kwa chaki. Wenzo ukapita, ukasimama kati ya viti viwili, na kirungu chake cheusi juu. Baridi ilivuma kupitia tundu kama filimbi. Mpira wa kuziba ulioletwa na Clyde ulikuwa umepasuka, kwa hiyo Lempi alichukua buti la mpira la Urho, la zamani zake za msituni, akakata shingo yake kwa kisu cha mkate na kuuvalisha wenzo kutoka juu. Ilikaa sawasawa.

Clyde alimketisha Lempi kwenye usukani na kumfundisha.

"Mbele kabisa, magurudumu mawili. Rudisha hatua moja, yote manne. Ukirudisha zaidi hadi nyuma kabisa, manne ya nguvu, ya kutambaa. Lakini kabla ya hapo kuna pahali katikati ambapo hakuna kitu. Usiuache wenzo hapo."

"Kwa nini pawepo pahali pasipo na kitu?"

"Ninyi kanisani si mnakaa kimya kabla ya sala? Pita tu, usikae."

Hapo ndipo tulipokosea, wote wanne, na kosa lenyewe ni la watu wa kwetu. Wenzo ukiachwa pale katikati, injini na magurudumu havishikani kabisa, na giaboksi hata uiweke kwenye P, gia ya kuegesha, haizuii gari. Kinachozuia ni hendibreki. Lakini hakuna mtu wa Keweenaw anayevuta hendibreki wakati wa baridi. Maji ya chumvi yanaingia kwenye kebo, yanaganda, na asubuhi magurudumu hayazunguki hadi uyamwagie maji moto. Tunakua tukiambiwa usiiguse. Ya Urho ilishakatika kwa kutu miaka mingi iliyopita na hakuna aliyejisumbua. Mwenye kitufe hakuihitaji: kitufe hakikuwa na pahali pa katikati. Clyde aliyajua haya yote, lakini hendibreki ilikuwa imetoka akilini mwake kama ilivyotoka akilini mwetu sisi wote, na akafunga boneti.

Kabla jua halijazama Lempi alitaka kujaribu na Urho ndani, kama atakavyokuwa kesho. Tulimpandisha, tukamfunga mkanda. Njia yao inapanda kutoka ghalani hadi barabarani, na juu kabisa lipo sanduku la barua. Aliweka manne ya nguvu na pikapu ikapanda kwenye theluji ya magotini bila kuteleza hata kidogo, polepole, kama ng'ombe anayerudi zizini. Clyde alipiga makofi. Nilimwona Darrell akikuna kidevu.

Kule juu Lempi alisimama. Greda lilikuwa limepita mchana na kulizika sanduku la barua, na yeye si mtu wa kupita kitu kilichozikwa. Alisukuma wenzo mbele atoke kwenye nguvu, akaweka P, akashuka na koleo la theluji.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Halikuwa na haraka. Hilo ndilo lililotisha, kwamba lilianza kama linalofikiri. Lempi aligeuka, akaushika mlango kana kwamba angelizuia gari kwa mkono, akateleza, akaanguka magotini. Darrell alikuwa ameshaanza kukimbia kupanda, akipiga kelele "Baba! Baba!" na theluji ikimshika miguu. Huko chini, upande wa kushoto wa njia, kuna mteremko unaokwenda hadi kijito.

Kwa kioo cha mbele nilimwona Urho akiinama. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi, lakini wa kushoto ndio uliokuwa upande wa wenzo. Aliushika akavuta. Ilisikika sauti ya chuma kikisaga chuma, mbaya, ya kukunja meno, mara moja, mara ya pili, kisha *kaa!* na gari likashtuka, magurudumu ya nyuma yakakataa, likateleza kidogo na kuketi kwenye ukingo wa theluji.

Kisha kutoka ndani ya gari tukalisikia lile tusi, kubwa na safi, lenye herufi zake zote.

Darrell alifika wa kwanza. Alifungua mlango, akamshika baba yake kichwa, akamtazama macho, mikono. Kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa akishuka na theluji magotini.

"Umeona, Mama? Umeona? Ningekuwa nimewazika leo!"

"Nimeona."

"Hiki ndicho ninachosema! Si gari. Si kitufe. Ni kwamba wewe uko peke yako na kila kitu!"

"Kosa ni langu," Clyde alisema. Alikuwa amevua kofia katika baridi ile. "Sikumwambia habari ya hendibreki. Mimi, fundi mzima."

"Hata mimi sikusema," Darrell alisema. "Hata mimi nilisimama pale! Hiyo ndiyo maana yangu!"

Lempi alisogea karibu. Alikuwa akiutazama mkono wa Urho. Ulikuwa bado umeshika kirungu, vidole vyeupe. Darrell alijaribu kuubandua kwa upole, Urho akakataa. Lempi alizunguka, akapanda kwenye kiti cha dereva, akawasha injini na kukanyaga breki.

"Urho," alisema. "Mawili."

Wenzo ulikwenda mbele.

"Manne."

Wenzo ukarudi hatua moja.

"Ya nguvu. Usikae katikati."

Aliuvuta hadi nyuma, kwa mkono wa mtu aliyevuta vyuma maisha yake yote, na hata sisi tuliokuwa nje tulisikia ilivyoingia. "Joo," Urho alisema.

Lempi akateremsha kioo. "Peke yangu, umesema?"

"Mama, hilo si jibu."

"Si jibu. Lakini sijawahi kuwa na msaidizi tangu aanguke. Kila kitu namfanyia. Namvisha, namlisha, namgeuza. Leo amenizuilia gari." Akatoa kichwa dirishani. "Clyde, ondoa hiyo sura ya mazishi. Kagua kama amevunja meno ya gia."

Clyde alikagua ghalani. Alifungua nati ya chini, akapokea mafuta kwenye bakuli, akayapitisha kati ya vidole chini ya taa yangu. Vumbi la chuma lilikuwepo, laini, lakini hakuna kipande. Alirudishia mafuta mapya. Kisha akachonga kabari mbili za mepoli, mti mgumu wa huku kwetu, akazifunga kwa kamba na kuziweka chini ya kiti cha Lempi.

"Ukishuka, hizi nyuma ya gurudumu kwanza. Kabla ya barua. Kabla ya Mungu."

"Nimesikia."

"Na wiki ijayo naleta kebo mpya ya hendibreki, na utaivuta hata igande."

Darrell alibaki amesimama mlangoni akijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Kesho nitawafuata nyuma na gari langu," alisema hatimaye. "Sitakuvuta. Lakini ukikwama, Mama, kitanda ni chake."

"Ndivyo tulivyokubaliana."

Sauna ilikuwa bado moto. Walimwogesha Urho humo jioni hiyo, Darrell akimshikilia, benchi likinuka mafuta ya gia.

Jumamosi asubuhi Lempi aliamka kabla ya greda. Nilikuwa nikisafisha mlango wangu nilipoona taa za pikapu zikitoka ghalani, na za Darrell nyuma yake. Alisimama nilipo akashusha kioo, si kwa kuhitaji lolote, ila kunionyesha. Urho alikuwa amevaa kofia yake nyekundu ya msituni na glavu mkono mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mtupu juu ya kirungu.

"Anataka kuisikia," Lempi alisema.

Yaliyofuata nilielezwa na Darrell mwenyewe. Kilima cha Ahola kilikuwa hakijapitwa na mtu. Yeye alizima redio akateremsha kioo chake, bila kujali baridi, ili asikie kama magurudumu ya pikapu yataanza kuzunguka bure. Chini ya kilima pikapu ilisimama, akadhani imekwisha. Ikawa ni mama yake anangoja tu gia iingie. Kisha ikapanda, na yeye akafuata kwenye alama za matairi yao. Karibu na kileleni ilienda upande, sehemu ya nyuma ikitafuta mtaro, naye akakanyaga breki yake tayari kushuka, lakini ikajinyoosha ikaendelea. Alisema aliona vichwa viwili kwa kioo cha nyuma, na mama yake alikuwa akizungumza njia nzima.

Walifika hospitali kabla ya zamu ya Urho. Lempi aliweka kabari nyuma ya gurudumu, moja na ya pili, ndipo akamshusha Urho. Urho alipokwisha kuunganishwa na mashine, Lempi akatoka kwenye korido kwenye simu ya ukutani na kuwapigia watu wa makao. Darrell alikuwa amesimama kando yake na kikombe cha kahawa mkononi. Mama aliyepokea simu aliuliza kama wanaachia kitanda moja kwa moja au kwa muda tu.

Lempi alifikiri kwanza.

"Kwa msimu huu wa baridi," alisema. "Ikija nyingine tutazungumza. Mpeni mwenye shida."

Akaweka simu, akachukua kikombe mkononi mwa mwanawe, akaonja, akakirudisha. Kisha akaingia ndani akaketi upande wa kushoto wa Urho, ambaye alikuwa ameshalala, na kumfunika mguu uliotoka kwenye blanketi.